Kukodi ukumbi wa kale kwa warsha na chakula cha jioni: jibu kwa msomaji wa Leicester

Msomaji wetu aliyeko Leicester, Uingereza, ni katibu wa chama cha wanawake wanaozungumza Kiswahili, wengine wakitoka Kenya na Tanzania, wengine Uganda na Kongo. Ameandika kwamba chama chao kinataka kufanya shughuli ya Jumamosi moja ya Novemba katika ukumbi wa enzi za kati: mchana warsha ya kushona na kupaka hina, jioni chakula cha watu 60 pamoja na taarabu. Ametumiwa mkataba wa kurasa kumi na mbili uliojaa makatazo, nusura akate tamaa. Anauliza mambo matatu: ikiwa kumbi hizi kweli ni za watu kama wao au ni za kutazamwa tu, aangalie nini anapokwenda kuutembelea ukumbi kabla ya kuuchukua, na masharti yapi ayakubali au ayapinge kabla ya kulipa arbuni.

Dada yangu, swali la kwanza nalijibu bila kusita, kwa kuwa kumbi hizi zilijengwa na watu kama ninyi hasa. Guildhall ya Leicester, ambayo ukumbi wake mkubwa ulijengwa mnamo mwaka 1390, ilikuwa nyumba ya mikutano ya chama kilichoitwa Corpus Christi. Ukiondoa ibada na lugha, chama kile sisi tungekiita chama cha kufa na kuzikana: wanachama walitoa ada, walisindikizana makaburini, walisaidiana katika shida, na mara kwa mara walikutana kula pamoja. St Mary's Guildhall ya Coventry, iliyoanza kujengwa mwaka 1340, ilikuwa ya chama cha wafanyabiashara. Merchant Adventurers' Hall ya York, iliyoanza kujengwa mwaka 1357, ina ukumbi wa kula na kujadili juu, hospitali ya maskini chini na kanisa dogo pembeni, na hata leo ni mali ya chama kilichorithi jina hilo. Kwa hiyo kundi la wanawake 60 wanaokula, wanaoimba na wanaosomeana hesabu za mwaka haliwi geni ndani ya kuta hizo. Kigeni, kama kipo, ni hizi kamba za makumbusho zilizofungwa baadaye.

Tena kwa Leicester kuna jambo jingine ambalo wazee wa chama chenu huenda wanalikumbuka kuliko mimi. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya mji huo ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasiende Leicester. Walikwenda, na wengi wao walikwenda na Kiswahili chao. Guildhall ile leo iko chini ya halmashauri hiyohiyo. Sikuelezi haya ili uyataje mbele ya msimamizi wa ukumbi, bali ili usiingie mle kwa unyonge wa mtu anayeomba hisani.

Baada ya hayo nikupe hukumu yangu kwa uwazi, maana maswali yako mengine yote yanaitegemea. Chakula cha jioni na taarabu vipelekeni katika ukumbi wa kale bila wasiwasi. Warsha ya kushona inawezekana humo, lakini kwa masharti nitakayoyaeleza. Hina isiingie kabisa. Itafutieni chumba cha kawaida chenye sinki na sakafu ya kuosheka, hata kama kiko mtaa wa pili. Kosa ninaloliona mara nyingi kwa vyama vyetu ni kukodi jengo kwa uzuri wake na kisha kudai lifanye kazi za ukumbi wa shule. Jengo hilo ni mgeni wa heshima katika shughuli yenu, na mgeni wa umri huo hapewi kila kazi.

Sasa ziara. Nakushauri uende mara mbili, na mara ya kwanza uende kama mtalii tu, bila kujitambulisha. Ukikosa nafasi siku za kawaida, kumbuka kwamba Septemba kila mwaka Uingereza huwa na siku za kufungua majengo ya kihistoria bure, zinazoitwa Heritage Open Days, na siku hizo hata milango ambayo kwa kawaida hufungwa huachwa wazi. Keti mle nusu saa. Utaona nguzo na makenchi ya mwaloni yaliyopinda, na huenda ukadhani jengo linaanguka. Haliko hivyo: mafundi wa zamani waliuchonga mwaloni ungali mbichi, kwa sababu ukikauka huwa mgumu mno, nao ukakaukia papo hapo ndani ya jengo, ukajikunja na kukazana. Watu wa pwani yetu walijenga kwa desturi tofauti kabisa. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Kilwa ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki sana zaidi ya mita mbili na nusu au tatu, hivyo upana wa chumba uliamuliwa na mti. Fundi wa Uingereza alikuwa na miti mikubwa, na kwa kuunganisha vipande kuwa makenchi aliweza kuacha sakafu yote wazi. Upana huo ndio unaoulipia.

Katika kumbi za aina hii tazama pia ncha zake mbili. Desturi ya zamani ilikuwa na ncha ya juu, penye jukwaa la chini ambapo meza ya wakubwa iliwekwa ikiukabili ukumbi, na ncha ya chini, penye milango ya kwenda kwenye vyumba vya vinywaji, mikate na jiko. Si kila ukumbi umehifadhi mpangilio huo, lakini ukiuona ufuate: waimbaji na meza kuu ncha ya juu, chakula kiingie kwa ncha ya chini. Nimeona wapangaji wakigeuza mambo ili picha ipendeze, kisha wahudumu wakalazimika kupita na masinia ya moto katikati ya hotuba. Meza nazo ziwe ndefu badala ya za duara. Meza za karamu za wakati ule zilikuwa mbao zilizolazwa juu ya vigogo vya miguu, zikapanguliwa na kuondolewa mara watu walipomaliza kula, na ukumbi mwembamba bado unazipenda meza za namna hiyo. Meza ya duara ya watu wanane inakula nafasi pande zote, na njia ya kutokea wakati wa moto ndiyo inayobanwa kwanza. Idadi ya watu utakayoambiwa na msimamizi hutegemea sana njia hizo za kutokea kuliko ukubwa wa sakafu, kwa hiyo uliza idadi tatu mbalimbali: waliosimama, walioketi kwa safu, na walioketi mezani. Usikubali kupewa moja tu.

Ziara ya pili uifanye pamoja na msimamizi, siku ya Jumamosi kama inawezekana, na kwa saa ileile ya shughuli yenu. Hapo ndipo wengi hukosea: huenda Juni saa tano asubuhi, jua limejaa madirishani, kisha wakashangaa Novemba. Katikati ya Novemba jua la Leicester huzama muda mfupi baada ya saa kumi jioni. Anayetunga sindano au kufuata mshono wa kanga anahitaji mwanga wa kufanyia kazi ndogondogo, kiasi cha luksi 500 au zaidi (luksi ni kipimo cha mwanga), na taa za ukumbi wa kale kwa kawaida zimewekwa za kupendezesha kuta, hazifikii hata robo ya kiasi hicho. Chukueni taa zenu ndogo za mezani zenye LED, au malizeni kushona kabla ya saa tisa. Huko Coventry kuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu na mwanga: ukutani mwa ukumbi mkuu limetundikwa zulia la ukutani lililofumwa mnamo mwaka 1500, lenye upana wa zaidi ya mita tisa, na bado liko kwenye ukuta uleule lililofumiwa. Nyuzi za sufi na hariri za umri huo hufifia kwa mwanga na haziponi, ndiyo maana mahali penye vitambaa vya kale utaambiwa mwanga usizidi luksi 50 karibu navyo, na pengine picha za flashi zikakatazwa. Msimamizi akiwa mkali kwa jambo hili, mwacheni awe mkali.

Nikufikishe kwenye umeme, maana hapo mimi mwenyewe nimewahi kuaibika. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia warsha ya ushonaji katika ukumbi mmoja wa kale ambao sitautaja. Tulikuwa na cherehani sita, na hizo hazikutusumbua, kwani cherehani ya nyumbani hutumia umeme mdogo, pengine wati 100. Tulichokisahau ni pasi. Fundi yeyote atakuambia kwamba mshono usiopigwa pasi haujamalizika, na pasi ya kawaida hula wati 2,400. Tulichomeka tatu, zote upande mmoja wa ukumbi, na mama mmoja mwenye nia njema akawasha birika la chai la wati 3,000 kwenye soketi ya nne. Kwa dakika chache hakuna lililotokea. Halafu tulisikia mlio mdogo ndani ya kabati la ukutani, cherehani zikanyamaza zote kwa pamoja, na taa za upande ule zikazimika. Ufunguo wa kabati alikuwa nao mtu aliyekwenda zake hadi jioni. Tulimaliza warsha kwa kushona kwa mkono karibu na dirisha, na sikumlaumu mtu, kwa sababu hesabu ilikuwa yangu na sikuifanya.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Soketi moja ya Uingereza hutoa takriban wati 3,000, lakini soketi nyingi za ukuta mmoja huwa kwenye saketi moja, yaani njia moja ya umeme, ya ampea 32, yaani wati elfu saba na kidogo kwa zote pamoja. Pasi tatu pekee zimeimaliza. Kwa hiyo muulize msimamizi maswali haya kwa maandishi: ukumbi una saketi ngapi za soketi, soketi zipi ziko kwenye saketi ipi, na nani atakuwa na ufunguo wa kabati la swichi muda wote mtakaokuwapo. Mpishi wenu naye atauliza hayohayo, kwa sababu kabati la kuwekea chakula moto ni wati 3,000 nyingine. Kumbi nyingi zitataka pia vifaa vyenu vya umeme viwe vimekaguliwa na kubandikwa kibandiko cha ukaguzi, na cherehani aliyoleta shangazi kutoka nyumbani haina kibandiko hicho. Kaguzi za namna hii hufanywa na mafundi umeme wengi kwa ada ndogo kwa kila kifaa. Panga mapema, na usitegemee kwamba hakuna atakayetazama.

Kuhusu hina, najua utauliza kwa nini nimeikataa, na ilhali ni kitu kidogo kinachokaa ndani ya koni. Hina ni rangi, na inashika mbao na mawe kama inavyoshika kiganja. Tone moja likidondoka kwenye ubao wa zamani usiopakwa vanishi, huwezi kulisugua, kwa sababu kusugua ni kuondoa mbao zenyewe, na kuondoa mbao za jengo lililo katika daraja la kwanza la orodha rasmi ya majengo yanayolindwa, kama zilivyo kumbi zote tatu nilizozitaja, ni jambo linalogusa sheria ya mwaka 1990 ya majengo hayo, inayosema kwamba kubadilisha jengo la namna hiyo bila kibali ni kosa la jinai. Usiogope, mtu hafungwi kwa tone la hina. Lakini ndiyo sababu msimamizi hasemi "mtasafisha" bali anasema "hapana". Bizari ya manjano iko katika kundi hilohilo, pamoja na zafarani, rangi za batiki na nta. Wengine hukataza hata divai nyekundu, ingawa ninyi hilo haliwahusu; juisi ya ukwaju au ya zabibu nyeusi, hata hivyo, inaweza kuwahusu.

Udi nao unahitaji maelezo. Udi wa kupigwa unaruhusiwa, udi wa kufukizwa hauruhusiwi. Kumbi nyingi za enzi zile ziliwashwa moto wazi katikati ya sakafu na moshi ukatokea kwenye paa, hadi ukizitazama boriti za juu baadhi yake bado zina weusi wa masizi, na leo katika nyumba hizohizo hamruhusiwi hata chetezo kimoja. Inachekesha kidogo, lakini sababu ni za kweli: mwaloni mkavu wa miaka 600 ni kuni nzuri kupita kiasi, na vifaa vya kugundua moshi haviwezi kutofautisha ubani na ajali. King'ora kikilia, jengo zima litatolewa nje na kikosi cha zimamoto kinaweza kuitwa, na katika mikataba mingine gharama ya usumbufu huo hutozwa aliyekodi. Fukizeni nguo nyumbani kabla ya kutoka. Kanga na baibui hushika harufu vya kutosha kuwafikisha hadi usiku.

Taarabu, kwa upande wake, itawafurahisha. Ukumbi wa mbao wenye paa refu huzipa fidla na ile ala ya nyuzi iitwayo kanuni joto ambalo ukumbi wa saruji hauna, na kwa watu 60 nisingeweka spika kubwa hata kidogo. Weka mbili ndogo, karibu na wasikilizaji, sauti ikiwa ya chini. Hotuba ndizo zinazopotea, kwa sababu maneno hupanda juu na kurudi yamechelewa, hivyo msemaji apewe kipaza sauti na aambiwe aseme polepole. Uliza kama kuna kifaa cha kupima sauti kinachokata umeme wa spika kelele ikizidi kiwango, kwani kimezoeleka katika kumbi zilizo karibu na makazi au kanisa, na Guildhall ya Leicester iko jirani kabisa na kanisa kuu la mji. Ngoma na kucheza kwa kishindo ni suala jingine pale ambapo ukumbi uko ghorofani, kama York na Coventry. Sakafu ya mbao hustahimili watu wengi walioketi, ila watu wanaoruka kwa pigo moja huitikisa kwa namna isiyofurahisha. Ukumbi ukiwa chini, kama Leicester, hofu hiyo inapungua. Viatu vyenye visigino vya sindano viachwe nyumbani kwa ukumbi wowote wa mbao, kwani uzito wote wa mtu unatua kwenye eneo la ukucha, na alama zake hazitoki.

Kuhusu chakula, jambo la kwanza kulikubali ni kwamba hamtapika humo. Jiko la kumbi hizi kwa kawaida ni chumba cha kupakulia, chenye sinki na meza, na gesi ya kubeba haitaruhusiwa. Pilau itapikwa kwingine na kuletwa. Sheria ya England inataka chakula cha moto kikae kwenye joto la sentigredi 63 au zaidi. Mnaruhusiwa kukiweka chini ya hapo kwa muda mmoja tu usiozidi saa mbili, baada ya hapo kinarudishwa jotoni au kinatupwa. Kwa pilau ya nyama hilo si la kupuuza, maana wali uliopoa polepole ni chanzo kinachojulikana cha sumu ya chakula. Kama mpishi ni mwanachama anayepika kwa malipo mara kwa mara, anatakiwa awe amejisajili kwa halmashauri yake angalau siku 28 kabla ya kuanza biashara hiyo, na msimamizi atataka kuona daraja lake la usafi. Kumbi nyingine zina orodha ya wapishi wao walioidhinishwa na hukataa wa nje. Hilo liulize kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya bei, kwa sababu chama kilichotaka pilau na mahamri kinaweza kujikuta kinakula kuku wa kuoka na viazi.

Umeniuliza pia, kwa maneno machache mwishoni mwa barua, kama mnaweza kutandika mikeka mkala kwenye sinia. Mimi nisingefanya hivyo humo Novemba. Sakafu ya jiwe mwezi huo ni baridi ya kupenya mfupa, wazee wenu watakaa dakika kumi tu, na mafuta ya pilau yakipita kwenye mkeka yanaingia jiweni. Wekeni sinia juu ya meza ndefu, watu wanne kwa sinia, na chini ya kitambaa cha meza kuwe na plastiki nzito. Ladha ya kula pamoja haipotei kwa sababu mmeketi kitini.

Baridi hiyo inanikumbusha jambo ambalo wapangaji hulalamikia bure. Ukumbi hauwezi kupashwa joto haraka, na hata ungeweza, haitakiwi: joto la ghafla hukausha mbao na kuzipasua. Waombe wawashe tangu asubuhi kwa kiwango cha chini, na katika kadi ya mwaliko andikeni waziwazi kwamba watu waje na shali. York ina taabu nyingine, kwani chumba cha chini cha Merchant Adventurers' Hall kimewahi kuingia maji ya mto Foss mara nyingi. Mkikodi sehemu yoyote ya chini mahali penye mto, mkataba useme mtahamishiwa wapi au mtarudishiwa nini maji yakija.

Hapo tumeufikia mkataba. Kubali makatazo yote yanayohusu moto, rangi, misumari, gundi na utepe wa kubandika. Hayo hayajadiliwi, na mapambo yenu yasimame kwa miguu yake yenyewe. Kanga zilizotandazwa kwenye fremu za chuma zinazojisimamia hupendeza kuliko zilizobandikwa ukutani. Kubali pia bima ya dhima kwa umma, ambayo mara nyingi hutakiwa iwe ya paundi milioni 5. Kiasi hicho kinatisha, lakini bima ya siku moja kwa shughuli kama yenu hununuliwa mtandaoni, na huenda shirikisho au benki ya chama chenu tayari inawakinga, kwa hiyo tazameni kabla ya kununua.

Mambo manne, hata hivyo, ningeyajadili. La kwanza ni saa. Mkataba ukisema saa sita mchana hadi saa tano usiku, muulize kama muda huo unahesabu kupanga na kupangua. Mara nyingi unahesabu, na saa mbili za kupanga pamoja na saa moja na nusu ya kupangua ni muda mnaoulipia bila kuuona. Magari ya kuleta vitu nayo hayafiki mlangoni katika vichochoro vya miji hiyo ya kale kwa saa zote, kwa hiyo muda wa kushusha uandikwe. La pili ni kodi: bei uliyopewa ina VAT ya asilimia 20 au itaongezwa baadaye? Katika bajeti ya chama kidogo hilo ni pengo. La tatu ni ngazi za kufuta, yaani kiasi mtakachopoteza mkighairi. Nisingekubali kifungu kinachochukua fedha zote tangu siku ya kutia saini. Kinachofaa ni kile kinachopanda taratibu kadiri siku inavyokaribia, na kinachorudisha zote ikiwa ni ukumbi wenyewe uliofunga, iwe kwa matengenezo au kwa mafuriko. La nne ni dhamana ya uharibifu. Siku ya kukabidhiwa, zungukeni na msimamizi mkipiga picha za kila doa na kila mkwaruzo uliokuwapo, naye azione picha hizo papo hapo kwenye simu yako kisha umtumie. Katika nyumba ya miaka 600 madoa hayakosi, na nimeshuhudia kikundi kikikatwa dhamana kwa alama ya duara ya glasi ambayo, kwa jinsi ilivyozama, ilikuwa na umri mkubwa kuliko katibu wao.

Kuhusu ruhusa za serikali za mitaa, hamhitaji kuhangaika sana. Ukumbi wenye leseni yake utakuwa umeshughulikia muziki na muda. Usipokuwa na leseni, na shughuli yenu ikawa na kitu kinachohitaji leseni, hutolewa taarifa ya hafla ya muda kwa halmashauri, kwa ada ya paundi 21, angalau siku kumi za kazi kabla, kwa mkusanyiko wa watu wasiozidi 499. Shughuli yenu isiyo na pombe na inayofungwa saa nne na nusu usiku huenda isihitaji chochote zaidi ya barua ya msimamizi kuthibitisha hivyo. Iombeni barua hiyo.

Bei nikiitaja nitakupotosha, kwa kuwa inabadilika kwa siku, msimu na aina ya anayekodi. Jumamosi za kiangazi ndizo ghali, kwa ajili ya harusi. Jumamosi ya Novemba ina nafasi nzuri ya kupunguzwa, na siku za katikati ya juma zaidi. Mkiwa mmesajiliwa kama shirika la hisani, litaje hilo katika sentensi ya kwanza ya barua, kabla ya msimamizi hajakupa kiwango cha makampuni. Chama kisichosajiliwa nacho kinaweza kupata kiwango cha jamii kikionyesha katiba yake na hesabu za benki.

Mwisho, panga siku yenu kwa kufuata jua. Kushona kuanze saa nne asubuhi, kuishe saa nane na nusu. Hina ifanywe wakati huohuo katika kile chumba cha kukodi kando, ili wanaosubiri ikauke wasiguse chochote ndani ya ukumbi. Kuanzia saa tisa wanaopanga meza waingie. Magharibi itaingia saa kumi na robo hivi, kwa hiyo omba chumba kidogo cha kuswalia na mahali pa kutilia udhu, na ulitaje hilo la maji mapema, kwa sababu vyoo katika majengo haya mara nyingi viko ng'ambo ya ua, na uliza siku hiyohiyo kama mtu wa kiti cha magurudumu anafika huko na ukumbini bila ngazi. Chakula kianze saa kumi na mbili na nusu jioni, taarabu ifuate, na saa nne na nusu usiku viti viwe vimeanza kukunjwa. Nitumie kurasa za mkataba zenye vifungu vya kufuta na vya wapishi kabla hamjatia saini, nizisome. Hizo kurasa kumi zilizobaki zinaonekana kuwa za kawaida.